Jeneza la Mchanga

Jumatano. Mvua ya vuli imenyesha alfajiri, ikaacha matope mtaani na jua la kuchoma. Bega la kulia linaniuma, na moyo wangu una furaha ambayo sijaizoea.

Kwa anayefungua blogu hii kwa mara ya kwanza: kazi yangu ni kutengeneza vitu vya uongo. Mimi na Bi Saumu, mama aliyezaliwa na kukulia hapa hapa Kariakoo, tuna karakana nyuma ya soko. Tunakodisha propsi, yaani vifaa vya kupigia picha, vya jukwaani na vya filamu. Tuna samaki wa sponji ambaye paka alishawahi kuondoka naye. Tuna simu ya mezani isiyo na waya, maharusi wanaipenda sijui kwa nini. Tuna pangaboi la ndege nililolichonga mwenyewe kwa mninga na kulipaka rangi ya fedha; mtu anavaa kofia ya rubani, anasimama mbele yake, na kwao wanaamini. Kila nikilipita najipongeza kimoyomoyo.

Ila kazi ya wiki hii ilikuwa ya Bi Saumu. Watu wa filamu walitaka jeneza la mazishi ya Kiislamu, libebwe mabegani na kupita mtaani mchana. Nilidhani atakataa. Alikubali kwa masharti: haazimi la msikitini, kitambaa cha kijani hakiwi na maandishi, na waigizaji hawatamki kalima kwa mchezo. Watembee kimya.

Jana tulifanya majaribio. Waigizaji walilibeba likiwa tupu, wakaonekana kama wanahamisha godoro. Bi Saumu akaingia ndani. Alileta viroba vya mchanga, akavizungushia sponji, akavipanga kwa urefu wa mtu, akawaambia wanyanyue tena. Mabega yakainama, hatua zikawa nzito, na mimi ninayejua kila kitu nikajikuta nimevua kofia. Mama huyu ana kipaji, jamani.

Kosa letu lilianzia hapo. Jeneza liliiva kupita kiasi.

Leo kamera ilifichwa ghorofani ili wapita njia wasiikodolee macho. Serikali ya mtaa walikuwa na taarifa, wapita njia hawakuwa nayo. Waigizaji hawajafika mbali, Mzee Salum wa duka la vitambaa akatoka bila hata kufunga mlango, akapokea mbele. Akaja machinga, mashati kayabwaga chini. Akaja msukuma mkokoteni. Huku jeneza hubebwa kwa kupokezana, ukilikuta njiani unaingia, ni thawabu. Waigizaji wetu wakabaki nyuma mikono mitupu. Kisha wale wapita njia wakaanza wenyewe: "Lailaha illallah." Tulichokikataza kwa mchezo, wao walikisema kwa kweli.

Jeneza likapita mbele ya kamera, likaenda zake.

"Kata! Kata!" mwongozaji akapiga kelele kutoka juu.

Mzee Salum akainua macho. "We kijana, huna adabu? Msiba huu!"

Bi Saumu akanishika mkono. "Kimbia ukawaambie. Wakifika nalo msikitini, mimi uso wangu nitauweka wapi mtaa huu?"

Nilikimbia huku naogopa. Kariakoo mwizi wa simu anakula kichapo. Sasa aliyewabebesha watu maiti wa uongo atakula nini? Nilipowafikia, kabla sijafungua mdomo, mtu akaniambia, "Pokea, bro." Nikapokea. Nikabeba mchanga wangu mwenyewe, nyuma ya Mzee Salum, jasho linanitoka.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Samahani sana, mzee. Humu hamna maiti. Ni mchanga. Tunarekodi filamu."

Akasimama. Wote wakasimama. Nikasubiri kofi la kwanza.

"Mchanga?"

"Ndiyo, mzee."

Akawageukia wenzake. "Haya, tushushe. Taratibu. Bismillahi."

Wakalishusha taratibu. Walishajua ni mchanga, na bado yupo aliyeweka mkono chini ili kona isigonge lami. Hapo nilitaka kulia.

Machinga ndiye aliyeanza kucheka. "Oya, mmetupiga! Mimi nilishaanza na kumwombea!" Wengine wakacheka, mmoja akadai naye alipwe kama mwigizaji. Mzee Salum hakucheka. Alimsubiri Bi Saumu afike, akakishika kile kitambaa, akaona hakina maandishi.

"Umelitengeneza wewe hili, Saumu?"

"Nisamehe, kaka Salum."

"Bega langu lilishakubali kuna mtu. Siku nyingine tuambie mapema." Akarudi dukani kwake.

Nilimsaidia machinga kukung'uta matope kwenye mashati yake. Nikamuuliza kama alijua aliyefariki ni nani.

"Ningejuaje? Kwani mpaka umjue ndio umbebe?"

Miaka yote niliyokaa hapa, jeneza likipita mimi hujibana ukutani, navua kofia, napisha. Najiambia si wa kwetu. Kwetu ni Mbinga, hapa sina ndugu, na mara nyingi nimejiuliza nikifia chumbani kwangu nani atanibeba. Naona aibu kuliandika swali hilo, ila nimeishi nalo muda mrefu.

Leo limejibiwa, na watu waliodhani wamembeba mtu wasiyemjua.

Likipita la kweli, sitajibana tena ukutani. Bega ninalo.