Lenzi Niliyotaka Kuirudisha

Mwanangu,

Chai iko kwenye chupa, mkate nimeufunika. Baba yako akiamka, mtilie dawa ya macho. Ufunguo wa studio nimeondoka nao.

~~Nimepita dukani kuirudisha ile lenzi mpya waliyoniachia niijaribu.~~ Hilo nimelikata, soma uone kwa nini.

Unajua nilivyohangaika na lenzi hiyo wiki nzima. Hata chumba kikiwa na giza inatoa sura safi, na vilivyo nyuma ya mtu vinakuwa laini kama ukungu. Lakini nilijiambia, mama we, ya zamani bado inafanya kazi, acha tamaa.

Basi asubuhi hii nikawasha kamera nifute picha za majaribio, nikaikuta ile uliyompiga baba yako dirishani. Wewe mtoto! Nani alikufundisha kungoja namna ile? Tangu macho yake yapungue nguvu, nikimpiga mimi anajikaza, kidevu juu kama askari. Wewe umempata akicheka, amekutegea sikio, na kila mvi inaonekana. Miaka yote hii ya kupiga picha za watu, sijawahi kumpata hivyo. Niliona wivu kidogo, usinicheke. Kisha nikajivuna peke yangu jikoni.

Kwa hiyo dukani naenda, ila kuinunua. Itakuwa yako, nami nitakuwa naiazima kwako, usije ukaninyima. Jumamosi kwenye harusi, bibi harusi utampiga wewe. Mimi nitakushikia taa.

Mama