Jina Lako Limeitwa Mara Tatu

Shamba la Vredenoord,
Wilaya ya Para,
Suriname.
3 Julai 2006

Mpendwa kaka Ludwig,

Neno hilo la kwanza nimeliandika kwa sababu mama alitufundisha kwamba barua huanza hivyo, usije ukalichukulia vingine. U hali gani? Goti linaendeleaje na baridi ya Rotterdam? Shemeji Hanneke hajambo? Sisi huku wazima, mvua imepungua na mihogo imekubali. Mimi presha inapanda na kushuka. Mwezi uliopita ilipanda zaidi, na sababu unaijua, maana uliitia posta kwa mkono wako.

Nazungumzia ile barua yako kwa kamati ya shamba. Mjomba Iwan, mwenyekiti, alinisomea nikiwa nimesimama, nikamwomba kiti. Umeandika kwamba Soemi si damu yetu, kwamba hana mtu kwenye daftari la watumwa walioachwa huru, na kwa hiyo afutwe kwenye orodha ya warithi, atoke nyumba ya mama kabla ya Septemba. Eti unataka kujenga hapo nyumba ya kustaafia. Na nakala za daftari umeambatanisha, zimepigwa mhuri. Kaka, una uso mkavu.

Haya, tuongee damu, maana wewe ndiye uliyeanza. Umepigia mstari mwekundu jina la bibi yetu Dorothea, aliyekuwa mtumwa hapahapa, na ya watoto wake watano. Safu ya baba yao iko tupu, ukaipita kana kwamba hukuiona. Para nzima inajua nani aliwazaa wale watoto. Ni mwenye shamba, yuleyule aliyewaandika kwenye mali yake pamoja na ng'ombe. Hiyo pua unayoringia kwenye picha imetoka kwake. Kama ardhi hii inafuata damu, basi anza kuwaandikia wajukuu zake, uko nao huko huko Uholanzi.

Halafu baba. Kwenye karatasi zako zote baba Sewdien hayumo. Watu wa mama walipoachwa huru wakaweka mapanga chini, Mholanzi alitafuta wengine wa kumkatia miwa, akawaleta wazee wa baba kutoka Kalkuta kwa mkataba wa miaka mitano. Ndoa ya baba na mama serikali ilikataa kuiandika, kwa kuwa ilifungwa na pandit, kasisi wa Kihindu, ndiyo maana wewe na mimi tunatumia jina la mama. Yule mzee alikubeba begani mpaka shuleni kila mvua iliponyesha. Leo humjui.

Sasa nije kwa Soemi. Watu wake, Wajava wa kisiwa cha Java, nao waliletwa kwa mkataba wa namna ileile. Mwaka 1954 wazazi wake walipata meli ya kurudi kwao. Yeye alikuwa na miaka sita na ana surua, daktari wa bandarini akakataa asipande. Mama yetu, aliyekuwa akiuza mboga na mama yake meza moja, akawaambia mwacheni kwangu, atakuja na meli ijayo. Meli ijayo haijaja mpaka leo. Mama akamlea, na alipokua akamwandikisha mwenyewe kwenye orodha, wewe ukiwapo.

Ulikuwa na miaka kumi alipoletwa nyumbani. Ulimpa kitanda chako, ukalala chini mwezi mzima, na ulipoulizwa ulisema sakafu ina ubaridi mzuri. Ulikuwa mtoto mwema, Ludwig. Sijui yule mtoto umemwacha wapi.

Mwaka 1975, uhuru ulipokuja, ukapanda ndege na nusu ya nchi. Desturi yetu huwezi kuwa umeisahau. Julai mosi, siku watumwa walipoachwa huru, pale makaburini, orodha inasomwa na kila mrithi anaitikia "Nipo". Aliye mbali anaitikiwa na ndugu wa tumbo moja, au na yule anayepalilia makaburi ya kwao. Akiitwa mara tatu bila kuitikiwa, jina linakatwa, kiwanja kinarudi kwa familia impe mwingine. Ndivyo walivyopanga wale waliochangishana kulinunua shamba hili walilotumikishwa. Hawakutaka tena ardhi iwe ya mtu asiyekuja hata kung'oa jani.

Unajua ni nani amekuitikia miaka thelathini? Mimi nilikuwa mjini na kazi zangu, na sasa mgongo wangu haupindi. Ni Soemi. Amepalilia kaburi la mama na la baba, na kila Julai mosi alisema "Nipo" mara mbili, moja yake na moja yako.

Jumamosi iliyopita alivitia wanga vilemba vyetu kama kawaida, macho yamemvimba. Nikamwomba changu akikunje kwa ule mtindo wa "Nisubiri kona", wanaofunga wanawake wakiwa na ugomvi. Akaniuliza, "Dada Esseline, unagombana na nani tena?" Nikamwambia, "Na mtu wa ng'ambo." Akacheka kidogo, mara ya kwanza wiki ile.

Mjomba Iwan akasoma orodha. Soemi hakumtaja, kwa ajili ya barua yako. Akafika kwako. "Ludwig." Watu wote wakamgeukia Soemi, aliyekuwa ameinama anafuta mikono mikavu kwenye gauni. Shangazi Norine akamwambia, "We Soemi, si umwitikie kaka yako." Akajibu kwa adabu, "Simo kwenye orodha, shangazi. Nitamwitikiaje mtu na mimi mwenyewe simo?"

Mara ya pili. Binamu Armand akasema, "Mpigieni simu, huko saa hizi wameshaamka zamani." Watu wakacheka. Mjomba Iwan hakucheka, alikuwa ananitazama mimi. Mara ya tatu alilitamka jina lako polepole, akaacha kalamu juu, akanipa muda wa kutosha.

Nilikuwa na mdomo, Ludwig. Niliufunga.

Mstari ukapigwa. Kiwanja kikarudi kwa familia, na familia siku hiyo ilikuwa mimi. Nikataja jina la Soemi. Mjomba akaliandika juu ya lako, akaliita, na Soemi mwenyewe akashindwa kuitikia kwa kilio. Shangazi Norine akamwitikia, Armand naye, mwisho makaburi yote yalikuwa yanasema "Yupo".

Usiandike tena kwa kamati, hawatasoma. Mtu aliyekatwa hurudi kwa njia moja: aje mwenyewe, na anayekalia kiwanja akubali aandikwe. Maana yake utamwomba Soemi.

Mimi ningefurahi akukatalie. Lakini tangu Jumamosi hasemi nami vizuri. Ananiambia nimekufanyia ubaya, kwamba ningeitikia tu, mambo mengine yangezungumzwa baadaye. Jana nimemkuta anaanika godoro nikamuuliza la nani. Ameniagiza nikuandikie kwamba kitanda chako amekirudisha chumba kile cha mbele na amekitandika. Ningekuwa na hiari nisingekuandikia. Nimetumwa.

Nisalimie shemeji Hanneke, hana kosa. Shangazi Norine anakusalimu, na Armand anauliza kama simu yako ina hitilafu.

Mungu akulinde pamoja na goti lako, na akurudishie yule mtoto wa sakafuni.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda hata wiki hii niliyojaribu kuacha,

Esseline