Tangazo Ambalo Sikulisoma

Baraka, Jumatano. Mvua imeshika tangu alfajiri, ziwa limegeuka rangi ya udongo pale mto Mutambala unapoingia, na leo sina imani na mtu yeyote.

Nimeisoma tena sentensi hiyo, nikataka kuifuta. Naiacha.

Kwa anayesoma kutoka mbali: redio yetu ndogo ya mji huu wa Baraka haitoi habari tu. Inasoma matangazo ya watu. Nani amefiwa, nani mtumbwi wake umechukuliwa na maji, familia gani ya Kazimia inaombwa kufika haraka kwa sababu mgonjwa wao amezidiwa. Simu inapita leo, kesho haipiti. Vita vikisogea milimani, mnara unakaa bila mafuta. Lakini sauti yangu inafika, na ndiyo maana watu wananiita Mama Radio hata msibani.

Asubuhi alikuja mwanamume mmoja. Shati lake limepigwa pasi, viatu havina tope, na huko nje mvua inanyesha. Alitaka tangazo lisomwe saa sita na tena magharibi: baba mmoja wa upande wa Swima afike Baraka bila kuchelewa, waganga wa kituo cha afya wanamngoja atie kidole kwenye karatasi kwa ajili ya binti yake.

“Kidole cha nini?” nikauliza.

Alishusha sauti. “Mama, ni mimba ya kwa nguvu. Mutoto hayafikisha miaka. Sheria inaomba muzazi ajue.”

“Kituo gani cha afya?”

“We sema tu Baraka. Mi nitamungojea pale magari inasimamaka.”

“Na wewe ni nani wake?”

“Mi niko wa famille.”

Bei ya tangazo hapa kila mtu anailalamikia, mpaka wachungaji. Yeye alilipa, akashukuru, akaondoka.

Nakiri kwamba bado ningelisoma. Jambo aliloomba lilifanana na sheria, na mtu anayetaja sheria polepole, kwa adabu, anakuondolea hamu ya kuuliza.

Sheria yenyewe nimeifuatilia kwa muda mrefu. Kinshasa ilikubali mkataba wa Afrika unaomruhusu mwanamke aliyebakwa kutoa mimba. Kitabu cha zamani cha makosa, chenye jela ndani yake, nacho hakijachomwa. Muuguzi anasimama katikati ya vitabu hivyo viwili. Maagizo yaliyofuata yanasema mwanamke aelezwe kila kitu, kisha akubali au akatae mwenyewe. Akiwa mtoto, mtu mzima wa kwake aitwe. Lakini jinsi nilivyoyasoma mimi, wakipingana, neno la mtoto ndilo linalosimama. Katika semina zote nilizohudhuria, sehemu ya kumwita mzazi husomwa kwa sauti kubwa, na sehemu hiyo ya mwisho husomwa watu wakianza kukusanya mifuko yao.

Kumlinda mtoto, wanasema. Mimi huwa nauliza anayelindwa ni nani: mtoto, au aliyeshika kalamu?

Saa sita ilipokaribia nilijaribu tangazo kwa sauti, kama ninavyofanya siku zote. Ulimi ulikwama kwenye jina.

Huku kwetu mwanamume mwenye watoto anaitwa kwa mtoto wake wa kwanza. Papa fulani, baba wa fulani. Ukisoma redioni majina yake yote matatu, hata jirani yake hatageuka. Matangazo yote ninayoletewa na wanafamilia yanakuja hivyo, na wakati mwingine inanibidi niwaombe jina jingine ili nisichanganye watu. Huyu bwana wa famille alinipa majina matatu, kwa mpangilio wa kadi ya uchaguzi, tunayoitumia kama kitambulisho.

Nani anamjua mtu kwa kadi yake? Wenye ofisi. Na wenye bariyeri, wanaofunga barabara kwa bunduki na kudai kadi.

Nikasoma ya mitumbwi na ya misiba. Hilo nikaliweka chini.

Nilifikiria polisi, nikaacha. Sijui nani katika ofisi ile ana binamu kwa wenye silaha msituni, na ninaowajua hawanitulizi.

Nilichukua pikipiki mpaka kwa Mama Sifa, muuguzi mkuu wa kituo ambako wasichana wa namna hiyo hupelekwa. Nilimuuliza kama ana msichana wa kutoka Swima. Aliniangalia usoni bila kupepesa. “Hapa hakuna.” Alifanya vizuri. Nikamweleza tangazo, mwanamume na shati lake. Akakaa kwenye benchi.

“Mi sikutuma mutu,” alisema. Kisha akasimama: “Kuja.”

Msichana yuko darasa la pili la sekondari, au alikuwa, kabla shule haijajaa wakimbizi. Nitamwita Furaha, si jina lake. Wanaume wenye bunduki walimkamata akitoka shambani kuchimba mihogo. Nilimtajia majina yale matatu, nikamuuliza ni ya nani.

“Ni ya baba. Lakini batu banamwitaka Papa Asende.”

“Nani anajua hayo mengine?”

“Iko kwa kadi tu. Kadi balimunyanganya kwa bariyeri.” Akaongeza: “Ni bale bale balinikamata, mama.”

Sikuhitaji kuuliza zaidi. Mmoja wao sura yake ilionekana, na mwenye kuijua sura hiyo ni Furaha. Hawajui amelazwa wapi. Baba angesikia redio, angeshuka pale magari yanaposimama, angepokelewa kwa heshima, angeulizia vituoni kama mzazi, na angewaongoza mpaka kitandani kwa mwanawe. Mimi ndiye ningekuwa nimemwita.

Baba hajui yaliyompata binti yake. Hilo ndilo alilolishikilia Furaha. Mila inamtaka baba aende na wazee kwa upande wa mkosaji kudai heshima ya mwanawe, na Papa Asende si mtu wa kukaa. “Akijua ataenda. Batamuua.” Alilisema kama mtu anayetaja saa ya mtumbwi kuondoka.

Mama Sifa alianza kutembea ndani ya chumba. Bila mzazi hafanyi kitu, alisema. Ana watoto wake, hataki jela. Nilimkumbusha yale maagizo. Akanijibu kwamba maagizo hayajawahi kulala korokoroni.

Furaha ndiye aliyepata njia. Alisema ana mama mdogo, dada wa mama yake, anayeuza ndagala hapa sokoni. Kwetu mama mdogo ni mama. Hakuna mganga wala hakimu atakayebishana naye. Nilitaka kujua kama anamtaka kweli, au anatafuta tu mtu wa kututuliza sisi. Akasema anamtaka. Nikaenda mwenyewe kumwita.

Aliingia na harufu ya samaki na hasira yake yote.

“We Sifa! Mutoto wangu iko hapa, na kila siku unakuja kununua ndagala kwangu, unanyamaza?”

“Sikujua ni wako.”

“Ungejua namna gani? Unaangaliaka tu kipimo!”

Hata Furaha alicheka. Mama Sifa akacheka pia, na nikaona mabega yake yameshuka. Alikuwa amempata mzazi wa kutia kidole. Hapo ndipo nilipoanza kumtilia shaka yeye. Alileta karatasi, akaisoma kwa Kifaransa, haraka, kama misa ya asubuhi. Furaha akaitikia kwa kichwa. Mama mdogo akaitikia kwa kichwa. Kalamu ikatolewa.

“Amekubali nini?” nikauliza.

“Amesikia.”

“Umuulize.”

Hakupenda. Lakini alimuuliza, na Furaha akasema hajui. Alidhani anakubali kulala pale usiku mwingine.

Mama Sifa si mtu mbaya. Ameogopa kwa muda mrefu tu. Aliweka kalamu mfukoni, akavuta kiti, akaanza upya kwa Kiswahili chetu: nini kitafanyika, maumivu gani, hatari gani, na nini kitafuata ikiwa hataki. Mama mdogo alitaka kuingilia, kwa sauti ya kanisani. Furaha akamkatiza. “Bakae,” alisema, akitutazama mimi na mama mdogo, “lakini basiseme.”

Tukakaa. Hatukusema.

“Nikikataa, mutanifukuza?”

“Hapana.”

“Nikikubali, nitazaa siku moja?”

Mama Sifa alimweleza bila kuahidi zaidi ya anachokijua.

“Na baba?”

“Baba yako haitaambiwa na mi.”

Mvua ilikuwa ikipiga bati. Kisha akajibu. Hakulia, hakunong'ona. Baada ya hapo Mama Sifa aliitoa kalamu tena, na safari hii nilimwamini.

Andiko hili nililianza siku ileile, lakini naliweka hapa mtandaoni muda mrefu baadaye. Majina ya watu si yao, na familia ile haipo tena upande huu wa ziwa. Anayeitafuta asijisumbue.

Magharibi ya siku ile yule mwanamume alirudi redioni. Alikuwa na adabu yake ileile.

“Mama Radio, sikusikia tangazo yangu.”

“Mashine ilikuwa mbovu.”

“Lakini ya bengine nilisikia.”

“Hao wengine nilikuwa nawajua.”

Alitabasamu. Nilimrudishia pesa yake, aliiacha mezani. Mlangoni aligeuka, akauliza polepole, kama mtu wa famille kweli: “Na yule mutoto, alisemaka nini? Alikubali?”

Niliuona mtego, nikamwambia sijui anamsema mtoto gani.

Ni swali ambalo nawe unalo, wewe unayesoma hapa, na wewe sikujui. Jibu nililisikia kwa masikio yangu. Lilikuwa wazi, na lilikuwa lake. Kazi yangu ni kutangaza. Hilo silitangazi.