Bidon Yenye Haina Kwao

Uvira, Kalundu
Tarehe 17 mwezi wa tano, 2024

Yaya Tarumbeta, mpendwa wangu,

Jambo sana kutoka kwetu siye bote. Ku Kalemie muko aje? Ule mugongo wenye ulikuwa unakuluma, ulishapona? Na mutoto ameshaanza kutembea? Huku tunapumua, Mungu anasaidia. Mama iko na afya, lakini ziwa limepanda mpaka mu jikoni. Tulihamisha mbabula ya makala mu chumba changu, nalala na harufu ya mboga ya sombe.

Usicheke: minye mwenye ulikuwa unanyamazisha ku meza, sasa niko président wa chama cha banafunzi. Ku institut, kwenye nasoma, robinet za maji zote zilikauka, kwa hiyo kila mutu anakuja na maji mu bidon yake ya manjano. Mu récréation, saa ya kupumuzika, tunageuza moja, mutu anaikalia, anasema yenye iko mu roho, na hakuna wa kumukata mpaka asimame. Akisimama, mwingine anakaa. Njo sheria yetu yote. Banatuita Bidon. Wengi tuko ba Sange, kule kwenye banalima muchele, lakini kuko Abdoul-Karim wa hapa mujini, na kuko binti mumoja wa Bijombo, kule ku milima, Ninahazwe. Mupole, lakini akikaa pale hata nzi zinatulia.

Mwezi uliopita alisema juu ya choo ya babinti. Kwamba ziwa linaingia mu nyumba za bantu, na choo yabo haina hata kikombe cha maji. Saa sita wengi banarudia nyumbani, masomo ya kisha inabapita. Kesho yake tulikuta kufuli ku salle yetu, kile chumba cha karibu na lango chenye tunakutanikia. Eti chama chetu hakijulikane.

Yaya, nimeenda ku biro ya secrétaire wa chuo mpaka viatu vinajua njia bila minye. Siku ya kwanza nilienda na moto. Article 23 ya Constitution, ile ya uhuru wa kusema, nilijisomea mwenyewe mu telefone, nikamusomea secrétaire yote, nikisimama. Alinisikiliza vizuri, akameza chai yake, akanijibu: «Article ni ya inchi, mudogo. Hapa ni ku chuo. Na bidon tupu njo inalia sana.»

Benzake bakacheka. Hata minye nilicheka kidogo, juu ya kuchoka.

Kisha akanielezea. Vyama banavijua aina mbili tu: vya maombi, na mutuelle, vile vya banafunzi benye banatoka fasi moja. Akauliza fasi yetu ni wapi. Nikasema ni pale karibu na lango. Hakutaka. Akasema basi muandike mutuelle ya Sange, Jumatatu nitasaini, funguo mutapata. Nikauliza, na benye hawatoke Sange?

«Mugeni atasikiliza. Kusema, hapana.»

Frédéric, makamu wangu, anataka tukubali. Anasema mulango kwanza, mengine tutabishana tukiwa ndani. Abdoul-Karim anamucheka, anasema basi hata yeye kesho atageuka mutu wa Sange, atatafuta shamba ya muchele na bibi mulimaji. Tunabishana hivyo mu mvua, bila fasi, na kila siku tunakuwa bachache.

Jana Ninahazwe alifika hapa nyumbani na ile bidon yenye tulikuwa tunakalia, akaiweka ku miguu yangu. Nilifikiri atanigombeza. Alisema pole pole, mbele ya Mama: «Andika Sange, Lionel. Mupate kusema tena, babinti bapate maji. Mugeni, njo vile banatuita siye ba Bijombo ku barabara, banatuita ku soko, nilishazoea. Ni pale tu ku bidon nilikuwa nasahau.»

Akaomba maji ya kunywa, akaenda. Mama alitaka kuijaza ile bidon. Nilimukatalia, na sijui juu ya nini. Iko hapa karibu na kitanda, hakuna mwenye anaikalia.

Unisalimie shemeji Gaspard, na Tantine Olga, umwambie kitenge chake Mama anakivaa kila siku ya Mungu. Mungu abafunike huko, na alirudishe hili ziwa mu fasi yake, kwenu na kwetu, maana ni moja tu linatupiga bote.

Sasa Yaya, weye mwenye hukuwahi kunyamaza mbele ya mutu, unisaidie. Nisiposaini, babinti banabakia na choo kavu na siye bote tunanyamaza. Nikisaini, tunasema bote, isipokuwa yeye mwenye alisema wa kwanza juu ya ile choo. Kama kalamu ingekuwa mu mukono wako Jumatatu, weye ungefanya nini?

Mudogo wako, mwenye anakupenda hata akichoka,

Lionel