Mshono Mguuni kwa Hamisi

Mama, asalaam alaykum, wewe na wateja waliokaa hapo kwenye duka lako la ushonaji, Muhima.

Huku kisiwani Java mchanga ni mweusi kama mawe ya volkano ya Ruhengeri, na mchana huu unachoma nyayo. Mkweo Hamisi anajifunza kusimama kwenye ubao juu ya mawimbi. Ubao unafungwa mguuni kwa ukanda, ili ukianguka uwe na kitu cha kushikilia. Leo ukanda wake ulichanika, nikaushona kwa uzi wa jinzi, mshono wa kurudia kama ulivyonifundisha. Lakini wewe hutoi nguo dukani kabla hujauvuta mshono kwa meno, na mimi sikuwahi kuuvuta. "Iko sawa hiyo," Hamisi alisema, akaunyakua na kukimbilia majini.

Sasa nina sahani ya wali na samaki mbele yangu, nimeisogeza kando nikuandikie. Mama mwenye mgahawa ananiashiria nile. Angejua kwamba Hamisi ameogelea ziwani Muhazi tu, tena ameshika mtumbwi, naye angeacha kula. Kila wimbi likimfunika, kalamu inasimama.

Ametoka, alhamdulillahi. Nimeuvuta mshono kwa meno, una chumvi, na umeshika. Ila amewaonyesha wenzake, na sasa wamenizunguka wageni nisiowajua, kila mmoja na ukanda wake uliochanika mkononi.

Usishone bila miwani, Mama. Nakupenda. Ukituombea dua, wataje na hawa.

Mwanao,
Zaina