Kasia la Ambakisye

Jumamosi, Msasani yetu ya huku milimani

Sina ushahidi, lakini Ambakisye, kaka wa mke wangu, ananifanyia makusudi. Tangu mwekezaji anunue shamba la chai pamoja na bwawa lake, tunaruhusiwa kuvua humo Jumamosi tu. Tunatumia mtumbwi mmoja. Huyu anapiga kasia, yule anakokota mshipi nyuma.

Zamu yangu ya mshipi ikifika, anapiga kasia mbio hadi ndoano inaelea juu, na samaki wako chini kwenye baridi. Nikimuuliza, anasema ni upepo. Zamu yake ikifika, "Taratibu, shemeji." Upepo umekwenda wapi?

Nimerudi nimenuna, na samaki wa kugawiwa. Kabla sijafungua kikapu, mke wangu akauliza, "Kaka amekupa wangapi?"

Hakuuliza nimevua wangapi.