Wenye Dunia na Masikio ya Kalina

Jumatatu, 7 Oktoba
Tangu asubuhi tunachoma pilipili hoho uani, akiba ya majira ya baridi. Mgongo! Binti yangu Kalina nimemwita mara tatu, hageuki. Ana miaka minne tu. Alhamisi operesheni ya masikio, mjini. Tukiikosa, hadi Aprili. Daktari alisema wazi: Aprili huenda asisikie kabisa.

Jumanne, 8 Oktoba
Saa nne jirani Ginka kapiga yowe juu ya ukuta — gari jeupe limefika chekechea, watoto wanabebwa! Kina mama wote mbio, mikono myeusi kwa masizi ya pilipili. Na mimi nikiwamo! Kufika, waliotangulia wameshavunja dirisha. Kalina anakunywa supu yake. Gari lenyewe? La mkate.

Plamen, mume wangu, hasikii la mtu. Eti mkate ni kisingizio. Eti kuna wenye dunia, hawazidi mia, ndio waliofunga kiwanda chetu cha nguo, sasa wanataka watoto. Ukimpeleka Kalina hospitali tu, keshaandikwa, safari ya Norwe hiyo, akalelewe na wageni.

“Wewe umewaona?”

“Ukiwaona, hao si wenye dunia.”

Mama mkwe kacheka: mwanangu ana kichwa, wewe mke una mdomo.

Jioni wanaume saba sebuleni, wote wanamsikiliza yeye. Tangu kiwanda kifungwe hakuna aliyemsikiliza hivyo. Hata ndevu kanyoa.

Jumatano, 9 Oktoba
Kasema mtoto haendi. Nikamwambia anakwenda, nitambeba mwenyewe. Nilidhani atafoka. Akauliza taratibu tu: “Na wakikukatalia kumtoa huko hospitalini, mke wangu?”

 Nimeosha mitungi yote ya pilipili, kisha nikaiosha tena.

Alhamisi, 10 Oktoba
Plamen na mama yake wako barabarani na wenzao, wamezuia mabasi, mtoto yeyote asipelekwe mjini. Nilimpigia simu muuguzi Vesela, ndiye aliyenizalisha. Akasema atatupitia na gari la hospitali kwa njia ya mashambani. Kalina nimemvisha sweta. Begi tayari.

Amefika! Anagonga. “Mama Kalina, fanya haraka dada yangu, daktari anatungoja!”

Kwenye kiti cha nyuma cha gari kuna mwanamume. Simjui. Vesela hakusema atakuja na mtu.

Anagonga tena. Ananiita kwa jina langu, Denitsa, Denitsa, sauti inaanza kutetemeka. Kalina anachezea kifungo cha sweta, hasikii chochote. Mimi nasikia kila kitu. Mbona basi nimekaa sakafuni chini ya dirisha, nimempakata, naandika —